Kwa nini juzuu ya pili ndiyo huua penzi? (Fantasia za vijana: uchawi na mahaba)

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Nina dai, mlivunje au mliunge mkono. Katika riwaya za fantasia za vijana zenye uchawi na mapenzi, hasa zile za juzuu tatu, penzi hufia juzuu ya pili. Si zote, lakini ni nyingi mno kuita bahati mbaya.

Mtindo ni uleule. Juzuu ya kwanza: binti hajui kuwa ana nguvu, kijana anajua zaidi ya anachosema, wanagombana kurasa mia mbili, wanabusiana karibu na mwisho, mji unaungua. Unafunga kitabu moyo ukidunda. Unafungua cha pili, hujafika sura ya tano mmoja kashatekwa, au kapoteza kumbukumbu, au wamenuniana kwa jambo ambalo swali moja tu lingelimaliza. Hapohapo anaingia nahodha mwenye meli na ulimi mtamu. Na ule uchawi uliokuwa na masharti, ukiutumia unatoka damu puani na kulala siku mbili, sasa unafungua kila mlango bure.

Maswali mawili. Kwa nini inakuwa hivi? Na msomaji afanye nini: avumilie, aruke kurasa, au aachane nacho?

#2 Pindo la Ukurasa
"Swali moja tu lingelimaliza" hahaha. Nimekaa mkao wa kula, wajuzi waje.

#3 Mzee wa Faharasa
Jibu ni ratiba, wala msihangaike. Juzuu ya kwanza huandikwa bila mtu kuidai. Mwandishi anaweza kukaa nayo miaka mitano, akaifuta, akaianza upya. Mchapishaji akiipenda, mara nyingi ananunua zote tatu kwa mkataba mmoja, na mbili kati ya hizo hazijaandikwa. Kuanzia hapo ni kitabu kwa mwaka. Tazama Shadow and Bone: 2012, ya pili 2013, ya tatu 2014. Throne of Glass ilianza 2012 ikatoa kitabu kimoja kila mwaka hadi 2018.

Na huo mwaka wenyewe si miezi kumi na miwili ya kuandika. Mswada unatakiwa ufike mapema kwa mhariri, urudi na masahihisho ya msuko, kisha masahihisho ya lugha, kisha usomwe prufu, ndipo uende mtamboni. Toa muda huo, toa na wiki za kuinadi juzuu ya kwanza, uone kinachobaki. Kwa muda huo unaweza kuandika vita. Penzi la moto mdogo, lile linalokua polepole, huliwezi, maana linataka kurudiwarudiwa: unapanda jicho moja sura ya tatu ili ulivune sura ya thelathini. Ukikosa muda wa kurudi nyuma kupanda, unavuna hewa.

#4 Bint Ramani
Mzee wangu, shikamoo, lakini ratiba peke yake haitoshi. The Cruel Prince ilitoka Januari 2018 na The Wicked King Januari 2019. Mwaka mmoja, na wapo wasomaji tele wanaoiweka hiyo ya pili juu ya zote tatu. Halafu chukua Children of Blood and Bone: Machi 2018, iliyofuata Desemba 2019. Miezi ishirini na moja, na bado wapo walioona penzi limepwaya. Kama muda ndio dawa, mgonjwa wa pili ndiye angepona.

Mimi natazama kizuizi. Penzi kwenye riwaya linaishi kwa kitu kinachowazuia wawili wasifikiane, na vizuizi viko vya aina mbili. Cha ndani: hamwamini, anaona aibu, ameapa kumuua. Cha nje: bahari, gereza, jeshi. Juzuu ya kwanza ikimaliza kile cha ndani kwa busu na kuungama, ya pili inabaki na cha nje peke yake. Na kizuizi cha nje kina maana moja tu: hawako chumba kimoja. Wasipokuwa chumba kimoja hawasemezani, na wasiposemezana hakuna penzi kwenye ukurasa, kuna kumbukumbu ya penzi.

The Wicked King inasimama kwa sababu ya kwanza (ONYO, nafichua) inaishia na kiapo cha utii cha mwaka mmoja na siku moja. Kizuizi cha ndani hakijatatuliwa, kimefungwa kamba na kuwekewa tarehe. Kila sura ya juzuu ya pili inapunguza siku, na wahusika wako ikulu moja wanatazamana.

#5 Pindo la Ukurasa
Onyo umeliweka, ila liko maneno manne kabla ya ufichuzi. Macho hayana breki, dada.

#6 Bint Ramani
Pole. Nitaacha mstari siku nyingine.

#7 Mlinda Masharti
Bint Ramani kagusa penzi, hakugusa uchawi, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Mleta mada kasema jambo kubwa akalipita: masharti yametoweka.

Brandon Sanderson, mtunzi wa riwaya za fantasia, aliandika makala mwaka 2007 akaweka kanuni ambayo wengi wanaisoma vibaya. Kwa ufupi: mwandishi anaweza kutatua tatizo kwa uchawi, na msomaji akaridhika, kwa kadiri ileile msomaji anavyouelewa uchawi huo. Watu wanadhani maana yake ni "andika sheria nyingi." Hapana. Maana yake ni kwamba uchawi usioeleweka unaruhusiwa kuleta matatizo, hauruhusiwi kuyamaliza.

Sasa angalia kazi ya gharama ya uchawi kwenye mapenzi. Binti akiita barafu vidole vinakufa ganzi, lazima mtu amshike mikono. Kijana akibadili sura anapoteza jina lake, lazima awepo anayemkumbusha. Gharama ndiyo inayowasukuma wakaribiane bila mmoja wao kukiri kuwa anataka. Juzuu ya pili inamwongezea binti nguvu kwa sababu adui naye ameongezeka, na njia rahisi ya kuongeza nguvu ni kufuta gharama. Ukiifuta, umefuta sababu ya kushikana mikono. Uchawi na penzi vimekufa kwa ugonjwa mmoja.

Kipimo changu ni karatasi moja yenye safu tatu: anachoweza, asichoweza, anacholipa. Unaianza juzuu ya kwanza, unaandika neno moja na namba ya ukurasa, basi. Mtunzi makini anaongeza kwenye safu zote tatu. Ukiingia juzuu ya pili ukasoma kurasa mia na safu ya tatu haijapata kitu kipya, huku ya kwanza inafurika, jiandae. Mara nyingi safu ya pili nayo itaanza kufutika: "asichoweza: kuruka" na ukurasa wa 140 yuko angani.

#8 Kalamu Butu
Mkuu hapo kwenye mikono nimekuelewa sana. Lakini nikuulize: ziko riwaya ambazo uchawi ni laini, hauelezwi kabisa, msitu unaamua tu, na mapenzi yake yanawaka hadi mwisho. Safu zako tatu utaziandika nini?

#9 Mlinda Masharti
Hizo zina miiko badala ya masharti. Usile chakula chao, usiseme jina lako, usigeuke nyuma. Mwiko ukivunjwa kuna adhabu, na adhabu ni gharama. Andika kwenye safu ya tatu. Kama msitu "unaamua tu" bila mwiko wowote, hata juzuu ya kwanza ilikuwa mbovu, ulipendezwa na jalada.

#10 Kisengere Nyuma
Nyote mnazungumza kilichomo. Mimi nazungumza hesabu.

Juzuu ya kwanza nyingi za aina hii zina msimulizi mmoja, nafsi ya kwanza, mara nyingi kwa wakati uliopo. Kurasa 400 zote ziko ndani ya kichwa kimoja, kila mara kijana akiingia chumbani tunasikia mapigo ya moyo wa binti. Juzuu ya pili dunia imepanuka, mwandishi anaongeza wasimulizi: kijana, rafiki, adui mwenye huruma. Wanne kwa kurasa 400 ni kama kurasa 100 kila mmoja. Kati ya hizo 100, za wawili wakiwa pamoja ni ngapi? Toa safari, toa vita, toa kisengerenyuma cha utoto wa adui, utabaki na kurasa ishirini, thelathini. Penzi halikufa, limenyimwa viti.

Na kuna hasara ya pili. Ukiingia kichwani mwa kijana, fumbo lake limeisha. Juzuu ya kwanza nzima tulikuwa tunabahatisha kwa nini alinyamaza kwenye ngazi. Sura yake ya kwanza anatuambia alikuwa anampenda tangu siku ile. Taharuki kwisha.

#11 Pindo la Ukurasa
Sahihisho dogo: Children of Blood and Bone ina wasimulizi watatu tangu juzuu ya kwanza. Kwa hiyo kwa mfano wa Bint Ramani hesabu yako haifanyi kazi.

#12 Kisengere Nyuma
Ni kweli, watatu. Mimi nimesema kuongeza, sikusema kuwa nao. Kitabu kilichoanza na watatu kimeshampangia kila mtu kiti.

#13 Bint Ramani
Basi tuweke mfano mgumu zaidi kwenye hesabu yako, mkuu. Six of Crows (2015) ina wasimulizi watano wakuu, na Crooked Kingdom (2016) inampa sauti wa sita. Jozi za wapenzi si moja. Mbona viti vilitosha?

#14 Kisengere Nyuma
Kwa sababu wako kazi moja, mara nyingi chumba kimoja. Sura ya mmoja ni jicho la kumtazama mwingine. Kwa hiyo narekebisha: usihesabu wasimulizi, hesabu sura ambazo msimulizi anamwona yule anayempenda. Hiyo ndiyo namba ya kuandika pembeni.

Pia hizo ni juzuu mbili, hakuna ya katikati.

#15 Juzuu Tatu
Hiyo "hakuna ya katikati" imetupwa kama ganda la ndizi wakati ndiyo nyama yenyewe.

Juzuu tatu zinagawana kazi. Ya kwanza inafungua, ya tatu inafunga, ya pili inatakiwa iishie shimoni: adui kashinda, siri imevuja, wapenzi wametengana. Hakuna mhariri atakayekubali juzuu ya pili iishie harusini, nani atanunua ya tatu? Kwa hiyo kutengana ni lazima, na swali linabaki moja: kunawekwa wapi?

Wanaojua huweka kutengana huko baada ya robo tatu. Kitabu cha kurasa 400, wapenzi wako pamoja hadi ukurasa wa 300 na ushee, wanafanya kazi, wanagombana, wanapikiana, halafu pigo. Pigo linauma kwa sababu umekaa nao. Wasiojua wanawatenganisha ukurasa wa 50, halafu wana kurasa 350 za kujaza. Hapo ndipo anapoingia nahodha wa mleta mada. Hakuja kwa mapenzi, kaja kuziba pengo.

Angalia pia urefu. Riwaya ya kwanza ya fantasia ya vijana kwa kawaida inashauriwa iwe kati ya maneno 80,000 na 100,000. Juzuu ya pili, jina likishajulikana, hakuna anayeikata, na inavimba. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba kinachovimba ni safari na mabaraza ya vita, mazungumzo ya wawili yanabaki kiasi kilekile. Ni chai ileile, umeongeza maji.

#16 Mzee wa Faharasa
Juzuu Tatu, kutengana mapema si dhambi siku zote. New Moon ya 2005, juzuu inayofuata Twilight, inamwondoa kijana mwanzoni kabisa na kumrudisha karibu na mwisho. Kuna kurasa zina majina ya miezi tu, hazina kingine. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Utupu ndio habari yenyewe.

#17 Pindo la Ukurasa
2006, mzee. 2005 ni Twilight.

#18 Mzee wa Faharasa
Asante, 2006. Vidole vimezeeka kuliko faharasa.

#19 Mlinda Masharti
Na ile ni fantasia? Mji wa kawaida, shule ya kawaida, wanyonya damu wanasoma bayolojia.

#20 Kalamu Butu
Mkuu, usituhamishe. Wanyonya damu wana masharti pia, andika kwenye safu zako.

#21 Juzuu Tatu
Kwenye miezi mitupu nakubaliana na mzee kwa nusu. Kutokuwepo kunaweza kuwa penzi, mradi kuwe na alama yake ukurasani: barua, kitu alichoacha, sauti anayoisikia, pengo mezani. Waandishi wengi wanamtoa kijana na hawaachi hata shati. Ukifika sura ya kumi na tano umesahau macho yake yalikuwa rangi gani.

#22 Mtembea Usiku
Samahani nimechelewa. Mmeshamhukumu mwandishi, mhariri, uchawi na nahodha. Msomaji je?

Juzuu ya pili mara nyingi inaanza siku chache baada ya ya kwanza. Wahusika bado wana majivu kwenye nywele. Msomaji amekaa mwaka mzima, kasoma vitabu vingine thelathini, majina yamechanganyika, joto limepoa. Halafu analaumu kitabu kuwa baridi.

Dawa si kurudia juzuu yote. Rudia sehemu tatu tu. Kwanza, sura ambayo uchawi ulielezwa mara ya kwanza, ile ya mwalimu au kitabu cha kale, ili masharti yarudi kichwani. Pili, sura ya ugomvi mkubwa kabla ya busu. Busu lenyewe liache, ugomvi ndio unaobeba kizuizi anachokisema Bint Ramani. Tatu, sura tatu za mwisho, kwa sababu mwandishi huacha pale neno moja la kitendawili ambalo juzuu ya pili inalijibu bila kukukumbusha. Jumla haizidi kurasa sitini. Kwa msomaji wa maneno kama 240 kwa dakika, kurasa sitini za maneno 280 ni kama dakika sabini.

Wale wa kusikiliza wana tatizo lingine. Msomaji wa sauti anakwenda kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo maneno 100,000 ni saa kumi na moja. Watu wanaongeza kasi hadi mara moja na nusu. Vita vinavumilia, penzi halivumilii. Kimya cha sekunde mbili kabla ya "najua" kinakuwa sekunde moja na kidogo, na maana inabadilika. Wakiwa wawili chumbani, rudisha kasi ya kawaida. Wakipanda farasi, ongeza.

#23 Kalamu Butu
Hiyo ya kasi naichukua kama ilivyo. Lakini nadharia yako ina tobo: wanaosoma zote tatu mfululizo, bila siku hata moja ya mapumziko, nao wanalalamika juzuu ya pili.

#24 Mtembea Usiku
Hao wana ugonjwa kinyume. Wameshiba. Msimulizi yuleyule, vijimaneno vyake vilevile, kila busu lina pumzi iliyokatika na meno yaliyouma mdomo. Baada ya kurasa 400 sikio linaanza kuhesabu. Waweke kitabu kifupi cha aina nyingine katikati, kisicho na uchawi kabisa, kurasa mia na hamsini. Kisiwe fantasia nyingine, utachanganya falme.

#25 Bint Ramani
Yaani aliyesubiri mwaka mmoja kapoa na asiyesubiri hata siku kashiba. Kitabu hakina kosa lolote, nadharia yako haishindwi popote. Hiyo si nadharia, ni mpira wa duara.

#26 Mtembea Usiku
Hahaha. Mpira wote ni wa duara, dada.

#27 Nahodha Mwenye Meli
Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu, jina mmeliona. Nahodha anaonewa.

Mtu wa tatu haingii kuziba pengo tu. Anarudisha uchaguzi. Juzuu ya kwanza binti alimpenda aliyekuwepo: mlinzi, mfungwa mwenzake, mwana wa mfalme aliyemteka. Hakuchagua, alifungiwa naye. Akija wa tatu, kwa mara ya kwanza binti ana mlango mwingine, na akirudi kwa wa kwanza anarudi kwa hiari. Bila nahodha, penzi la juzuu ya tatu ni mazoea.

Shida ni nahodha wa karatasi. Wa kweli utamtambua kwa mambo haya: ana lake analolitaka ambalo binti hahusiki nalo, kiti cha enzi, deni, ndugu aliyepotea. Anamkatalia binti jambo angalau moja kabla ya katikati ya kitabu. Na uchawi wake unagongana na wa binti, hauusaidii tu. Wa karatasi anasifia. Sura baada ya sura anasifia. Huyo atakufa karibu na mwisho ili binti alie, au atageuzwa mchekeshaji na kuozwa kwa rafiki wa binti juzuu ya tatu.

#28 Pindo la Ukurasa
"Ataozwa kwa rafiki wa binti" nimecheka peke yangu.

#29 Juzuu Tatu
Nahodha umejitetea vizuri. Basi nikupe silaha kubwa zaidi. ONYO, aliyekuwa hajasoma A Court of Mist and Fury aruke bandiko hili.

.

.

Kitabu hicho cha 2016 ni juzuu ya pili, na kinaua penzi la kwanza kwa makusudi. Hakilitenganishi, kinalifumua, kinarudi kwenye matendo ya juzuu ya kwanza na kukuonyesha hukuyaona sawasawa. Wasomaji wengi wanaona ndicho bora cha mfululizo. Kwa hiyo mleta mada, huenda swali lako limekaa upande. Tatizo si kuua, ni kujeruhi na kuacha.

#30 Bint Ramani
Umeacha mstari! Kuna watu wanajifunza. Ila mfululizo huo siku hizi unapangwa rafu ya watu wazima, na una sababu. Fantasia ya vijana inalenga miaka 12 hadi 18, mlango wa chumba cha kulala hufungwa. Na hapo napata nadharia nyingine: mlango ukiwa umefungwa, baada ya busu hakuna hatua ya kimwili inayobaki, kwa hiyo ukuaji wote wa penzi lazima uwe wa kuaminiana. Mwandishi asiyejua kuandika kuaminiana anakimbilia kutenganisha. Wa rafu ya watu wazima ana ngazi za ziada za kupandia.

#31 Mlinda Masharti
Sikubali hata kidogo. Ngazi za ziada zinaisha pia, na haraka. Kuna vitabu vya watu wazima vimemaliza ngazi zote juzuu ya kwanza na ya pili inateleza vilevile. Rudi kwenye gharama.

#32 Bint Ramani
Kila njia kwako inaelekea kwenye gharama. Wewe ni karani wa ushuru.

#33 Ramli ya Saa Nne
Wakuu, samahani kwa kutoka nje kidogo. Throne of Glass inasomwa kwa mpangilio gani? Kila mtu anasema lake. Na ni vitabu saba au nane?

#34 Pindo la Ukurasa
Riwaya saba, 2012 hadi 2018, pamoja na The Assassin's Blade ambayo ni mkusanyiko wa hadithi tano za kabla ya mwanzo. Kwa hiyo mzee hapo #3 aliposema kimoja kila mwaka alipunja: 2014 vilikuwa viwili.

Mkusanyiko huo ndio ugomvi wenyewe. Ukiusoma kwanza, unaingia riwaya ya kwanza ukijua binti alimpenda nani zamani, na kila kijana mpya unampima kwa kipimo hicho. Ukiusoma baada ya ya tatu, unapata majibu ya maumivu uliyoyaona bila kuyaelewa. Anayekuja kwa ajili ya mapenzi aanze nao. Anayekuja kwa ajili ya mafumbo asubiri.

#35 Juzuu Tatu
Ongezea: Empire of Storms na Tower of Dawn zinatokea wakati mmoja, sehemu mbili za dunia, kwa hiyo kuna wanaozisoma sambamba, sura kadhaa hapa, sura kadhaa pale. Faida: hukai kitabu kizima ukisubiri jibu la mwisho unaoning'inia. Hasara: Tower of Dawn ina penzi la moto mdogo, na kila ukiliacha kwa sura tano sufuria linapoa. Ukiamua kwenda sambamba tumia vijikaratasi vya rangi mbili, badilisha pale sura inapofunga tukio na si pale inapokata pumzi, na usiachie kitabu kimoja zaidi ya siku mbili.

#36 Ramli ya Saa Nne
Asanteni. Naanza na mkusanyiko.

#37 Mzee wa Faharasa
Kijana, na ukisomea kwenye simu, piga picha ya ramani ya mwanzoni uiweke kando, maana kurudi nyuma kila mara kunakatisha. Ila faharasa ya majina iliyoko nyuma usiisome yote. Zinatoboa siri mchana kweupe. Unatafuta jina la mji, unakutana na "malkia wa tano" mbele ya jina la mtu ambaye bado ni mfua nguo.

#38 Kalamu Butu
Turudi. Nina ratiba, kizuizi, gharama, viti, mahali pa kutenganisha, msomaji aliyepoa, msomaji aliyeshiba, nahodha wa karatasi na mlango uliofungwa. Swali la pili hamjaligusa: niache lini?

#39 Kisengere Nyuma
Robo. Juzuu ya pili ya kurasa 400, soma hadi 100, angalia sura ngapi wameonana. Chini ya mbili, na hakuna barua wala alama, ruka hadi sura watakayokutana tena. Usiiache, ruka. Ukikuta hujapoteza chochote, kurasa ulizoruka zilikuwa maji.

#40 Mlinda Masharti
Kuruka ni kosa. Gharama mpya ya uchawi mara nyingi imefichwa kwenye safari mnayoiruka, ndiyo maana mkifika mwisho mnasema "ushindi umetoka hewani." Ama usome, ama uache.

#41 Bint Ramani
Mimi siangalii namba ya ukurasa, naangalia ugomvi. Wakigombana kwa jambo jipya, naendelea. Wakirudia ugomvi wa juzuu ya kwanza kwa maneno mengine, mwandishi hana kizuizi kipya, nafunga kitabu hata kama ni ukurasa wa 30.

#42 Nahodha Mwenye Meli
Mimi nasoma hadi nahodha afe.

#43 Mzee wa Faharasa
Kalamu Butu, umetuchosha kwa maswali na hujasema unachosoma. Uko ukurasa wa ngapi wa hiyo juzuu ya pili?

#44 Kalamu Butu
61. Ameshatekwa.

#45 Bint Ramani
Nani, binti au kijana?

#46 Kalamu Butu
Farasi.

#47 Mlinda Masharti
Andika safu ya tatu.